Droo ya Vipande

Mwanzoni mwa 2025 mama mmoja alipanda ngazi hadi ofisini kwangu hapa Gataka, akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Madam, nimekuja kuchukua kipande changu."

Ofisi ni neno kubwa kidogo. Ni chumba kimoja juu ya duka la mabati na misumari: meza, viti vitatu vya plastiki, kalenda ya sacco, na droo yenye kufuli. Kazi yangu ni kutafutia watu kazi. Usafi, upishi, bustani, kuangalia watoto. Wateja wangu wengi wako ng'ambo ya mto Mbagathi, kule Karen na Lang'ata, na wafanyakazi wako upande huu, Gataka na Rongai, ambako kodi ya nyumba bado mtu anaiweza. Asubuhi wanavuka mto kuingia Nairobi, jioni wanarudi Kajiado. Mimi ndiye daraja, au ndivyo nilivyopenda kujiambia. Mlangoni nilikuwa nimeandikisha kwa rangi ya kijani: WATU KWANZA.

"Unakitakia nini?" nikamwuliza.

Hakukasirika. Alinitazama tu, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. "Ni changu," akasema.

Ndani ya droo kulikuwa na vitambulisho 11, vimefungwa kwa raba. Utaratibu ulikuwa huu: ukipata kazi kupitia kwangu, unaniachia kitambulisho mpaka miezi mitatu iishe. Mteja akishalipa hataki kuamka Jumatatu akute mfanyakazi ameyeyuka. Biuro zote nilizozijua zilifanya hivyo. Mama aliyenifunza kazi hii alifanya hivyo, naye sijui alifunzwa na nani. Basi nikafungua kufuli, nikampa chake, akashuka ngazi. Nikabaki na lile neno. Kipande. Wakenya tunaita kitambulisho kipande mpaka leo, polisi wa usiku anakiitisha kwa jina hilo hilo, na ni wachache wanaouliza kilikuwa kipande cha nini.

Mimi nilipaswa kujua. Kwa mama yangu, ndani ya mkebe wa Kimbo, kuna kijisanduku cha bati kinachotosha kiganjani, kina kitundu cha kupitisha kamba. Kilikuwa cha guka. Tulipokuwa watoto tulikichezea, tukitia changarawe ndani ili kilie. Cucu akitusikia alikuwa akitunyang'anya bila kueleza.

Lakini kabla ya kipande kulikuwa na barua.

Neno kibarua tunalitumia kila siku, na wengi wetu hatusikii barua iliyo ndani yake. Rudi Unguja na Mombasa ya karne ya 19. Mjini kulikuwa na kazi za siku tele: kupakia na kupakua vyombo bandarini, kubeba karafuu na pembe za ndovu, kujenga. Wengi waliozifanya walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwatoa wakafanye kazi kwa watu wengine kwa ujira. Mtu aliyefanya kazi alipewa kijikaratasi, barua ndogo, ya kuthibitisha kuwa siku hiyo amefanya. Siku ya malipo anairudisha, anapokea pesa, kisha anapeleka fungu la bwana wake, mara nyingi nusu. Jina la karatasi likawa jina la mtu. Hata hivyo tunasema kibarua amefika, hatusemi kibarua kimefika. Sarufi ilikataa kumfanya karatasi kabisa.

Nilipoyasoma haya sikumwona mtumwa kwanza. Nilimwona bwana wake. Huyo bwana hakuwa na meli wala ghala. Alikuwa na watu, na faida yake ilitoka katika pengo lililokuwepo kati ya alicholipa mwenye kazi na alichobaki nacho mfanyaji. Huyo ni mtu wa sekta yangu. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Pengo lenyewe halikutajwa katika sheria yoyote kati ya hizo.

Kama umewahi kukaa Jeevanjee Gardens ukisubiri simu ya intavyuu, basi umekaa kwenye bustani ya mtu mwingine wa sekta hii. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Karachi, alipata kandarasi ya kuletea reli ya Uganda wafanyakazi kutoka Bara Hindi. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa karibu 32,000, kwa mikataba ya miaka mitatu, na karibu 2,500 walifia kazini. (Simba wa Tsavo ndio waliopata filamu, ila waliouawa na simba ni wachache sana ukilinganisha na waliouawa na malaria, kuhara na ajali.) Jeevanjee alitajirika, akaingia siasa, akapigania haki za Wahindi katika koloni hili kwa ujasiri usio na shaka, na mwaka 1906 akaupa mji wa Nairobi ile bustani. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema kila adhuhuri vijana wasio na kazi wanalala kwenye nyasi za bustani yenye jina la mtu aliyetajirika kwa kuleta wafanyakazi, na sijawahi kumsikia mmoja wao akilicheka jambo hilo.

Reli ilipokwisha, walowezi wakaja na mashamba yakahitaji mikono. Shida ni kwamba watu walikuwa na mashamba yao. Mtu mwenye mahindi ghalani haamki kumlimia mwingine kahawa kwa rupia chache. Hapa Kajiado ndipo jambo hilo linaonekana wazi zaidi. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai walihamishwa kutoka malisho yao ya kaskazini, wakaletwa kwenye eneo la kusini ambalo Kajiado ni sehemu yake. Walipoteza ardhi kubwa kuliko karibu wengine wote, lakini walibaki na ng'ombe. Kodi ikidaiwa, unauza ndama. Ndiyo maana kwa miaka mingi hawakuonekana sana kwenye foleni za kazi za mshahara. Hata kampuni ya magadi iliyoanzishwa 1911 huko Magadi, mwisho wa barabara hii tunayopanda matatu kila siku, ilipata wafanyakazi wake wengi kutoka mbali.

Kwa wasio na mifugo ya kutosha, dawa ilikuwa kodi, na baada ya kodi wakaja mawakala. Walikuwa Wazungu waliosajili watu vijijini na kulipwa kwa kichwa, wakipitia kwa machifu, na chifu hapokei mgeni mikono mitupu. Malalamiko yakazidi mpaka serikali ikaunda tume ya kuchunguza kazi za Waafrika, 1912 hadi 1913. Mwezi Oktoba 1919 Gavana Edward Northey akatoa waraka uliowataka maofisa wa serikali na machifu kuwahimiza watu waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Kuhimiza. Mtu yeyote aliyewahi kuhimizwa na chifu anajua maana yake.

Wakati huo huo kipande kikaanza. Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutumika kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kusajiliwa, kupigwa alama za vidole, na kubeba hati yake popote aendako. Ndani ya hati kulikuwa na jina lake, la chifu wake na kabila lake, kisha nafasi za mwajiri: jina la mwajiri, aina ya kazi, siku ya kuanza, mshahara, siku ya kumaliza, sahihi. Hati ilitiwa kwenye kile kijisanduku cha bati na kuning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Sisi na changarawe zetu tulikuwa tumegundua jina bila kuambiwa.

Inafaa kusimama kidogo kwenye ile sahihi ya mwisho, kwa sababu utaratibu wote umejengwa juu yake. Ukitaka kuacha kazi, lazima mwajiri aandike kuwa amekuachilia. Asipoandika, mwajiri mwingine akikufungulia kipande anaona bado uko kwa fulani. Ukiondoka hata hivyo, wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Alama za vidole zilihifadhiwa Nairobi, kwa hiyo kubadilisha jina hakukusaidia. Mshahara uliolipwa mwisho umeandikwa pale, basi mwajiri mpya anajua ulizoea kiasi gani na hana haja ya kukuongezea. Na katika karatasi yote hiyo hakukuwa na hata mstari mmoja ambao mfanyakazi angeweza kuandika habari za mwajiri: kama analipa kwa wakati, kama anapiga, kama chakula chake kina mchanga.

Tanganyika nako kulikuwa na kipande, ingawa kilifanya kazi tofauti. Kwenye mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Unamaliza kadi, unalipwa. Usipoimaliza, unasubiri. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya pamoja ya kusajili watu, maarufu kama SILABU, iliyowaleta wafanyakazi kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya mipaka. Waliosajiliwa waliitwa manamba, kwa sababu ya namba walizopewa. Neno hilo hilo sisi huku tunamwitia kijana anayejaza matatu. Jamaa akining'inia mlangoni akiita "Rongai mia!", sidhani anajua kuna wazee Tanga walioitwa hivyo hivyo.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na ndipo Harry Thuku, karani na mpiga simu wa serikali Nairobi, akaanza kuunganisha watu dhidi ya kipande, kodi na hayo makato. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulizunguka kituo cha polisi alikofungiwa, karibu na pale Chuo Kikuu cha Nairobi kilipo leo. Wajumbe wanaume walipotoka kuongea na serikali wakaja kuwaambia watu warudi nyumbani, Muthoni Nyanjiru alisimama akainua nguo yake, akawaambia wanaume wachukue nguo yake wampe suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga, polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni zaidi sana. Muthoni alikuwa mmoja wao.

Guka alipata kipande chake zaidi ya miaka 15 baada ya siku hiyo. Alikifanyia kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Nilichowahi kusikia kutoka kinywani mwake kuhusu kipande ni kitu kimoja tu. Kuna mwaka alitaka kuacha kazi ili arudi Murang'a kwa kuwa babake alikuwa mgonjwa. Msimamizi akamwambia bwana amesafiri, kipande kitatiwa sahihi akirudi. Alisubiri wiki tatu. Aliposema hivyo alinyamaza, na sisi watoto tukarudi kwenye mchezo. Sikumwuliza kama alimkuta babake hai, na sasa hakuna wa kuuliza.

Kipande kilianza kuondolewa mwaka 1947, kwa sheria mpya iliyotaka watu wa kila rangi wasajiliwe kwa njia moja. Hapo ndipo walowezi waliogundua kwamba alama za vidole ni udhalilishaji. Walipiga kelele kiasi cha kuundiwa tume, na mwishowe ikaruhusiwa kwamba anayejua kuandika anaweza kutia sahihi na kutoa picha badala ya vidole. Miaka karibu 30 vidole vya guka na wenzake havikuwa vimemsumbua mtu.

Mwaka huo huo, Mombasa, kilitokea kitu ambacho kwangu ndicho chanzo cha maneno yote matamu ambayo sekta yetu inayatumia leo, haya ya kuthamini wafanyakazi. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hoteli, wapishi wa majumbani, vibarua wa kila aina. Walikutana kila siku kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu siku 12. Bandari ilikuwa ikiendeshwa kwa vibarua wa siku, na wenye makampuni waliupenda mpango huo kwa kuwa meli isipokuja, mtu halipwi. Sasa waligundua upande wa pili wa sarafu: mtu unayemlipa kwa siku hana cha kupoteza zaidi ya siku. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi lililozaliwa na mgomo huo, alikamatwa miezi michache baadaye akapelekwa kizuizini Kabarnet. Lakini mishahara ilipandishwa, na katika miaka iliyofuata bandari ilianza kuandikisha vibarua wake na kuwapa kazi ya kudumu.

Mwaka 1954, vita vya Mau Mau vikiendelea, kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika. Ilisema wazi kwamba mshahara wa mjini ulikuwa umepimwa kwa mwanamume asiye na mke wala mtoto, na kwamba haiwezekani kupata mfanyakazi mtulivu na mwenye ujuzi ikiwa hawezi kuishi na familia yake. Ukiisoma bila kutazama tarehe unaweza kudhani ni mshauri wa kampuni fulani ya Westlands anawaambia mameneja wajali watu wao ndipo wazalishe zaidi. Ilitoka kwa serikali ile ile iliyokuwa imewazungushia watu seng'enge. Sidhani walikuwa wameguswa moyo ghafla. Walikuwa wameona Mombasa, na walikuwa wakiona Nyandarua.

Mimi mwenyewe nimekuwa upande ule mwingine wa meza. Nikiwa na miaka 22 nilishona nguo kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimepanga chumba Kitengela, kama maelfu ya wasichana waliokuja kwa ajili ya viwanda vya Athi River tangu sheria ya maeneo ya kusindika bidhaa za kuuza nje ilipotungwa mwaka 1990. Ploti za Kitengela zimejengwa kwa kodi zetu. Kiwanda hakikuniajiri. Aliyeniajiri ni wakala ambaye sikuwahi kumwona uso. Miezi mitatu kazini, wiki moja nyumbani, miezi mitatu tena. Ile wiki ya nyumbani tuliiona kama mapumziko, mpaka dada mmoja aliyekuwa amefika kidato cha nne na kusoma magazeti akatueleza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi na mengine. Ile wiki ilikuwa mkasi. Ilikata neno mfululizo.

Na si viwanda vya nguo tu. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja video na picha za kutisha za Facebook hapa Nairobi, alishtaki mahakamani. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakashtaki pia. Walikuwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, na Meta ilijitetea kwamba yenyewe haiko Kenya na si mwajiri wao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema Meta inaweza kushtakiwa hapa. Uzuri wa wakala, kwa mwenye kazi, ni huo: anapotafutwa, yuko mtu mwingine mlangoni.

Sasa turudi kwangu mlangoni.

Baada ya yule mama kushuka ngazi nilitoa vitambulisho vilivyobaki, nikawapigia simu wenyewe mmoja mmoja. Hilo lilikuwa rahisi. Baada ya droo kulikuwa na kitabu cha hesabu. Mteja alikuwa akinilipa shilingi 27,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Mimi nilikuwa nikimpa mfanyakazi 13,500. Nusu. Yule bwana wa Unguja angenipa mkono. Nilikuwa na utetezi wangu, tena wa kisheria: mshahara wa chini wa Kenya hupangwa kwa maeneo, na ofisi yangu iko Gataka, Kajiado. Tangu Novemba 2024 mtu wa kazi za kawaida Nairobi alitakiwa kulipwa 16,113.75, na kwenye maeneo yasiyo miji mikubwa zaidi kidogo tu ya nusu ya hapo. Lakini vyoo vyenyewe vilikuwa ng'ambo ya mto. Mtu hasafishi choo cha Karen akiwa Gataka. Nilijua hivyo siku zote, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuona hicho kitabu.

Jumapili moja jioni niliwaita wote. Walikuja wanane, wakakaa kwenye viti vitatu na kwenye sakafu, nikabandika karatasi kubwa ukutani, nikaandika 27,000 juu kabisa. Kisha nikashuka. Mshahara pamoja na marupurupu ya nyumba, 18,600. NSSF upande wangu, 1,116. Ada ya nyumba za serikali upande wangu, 279. Bima ya ajali kazini, 400. Mtu wa kushika nafasi yako ukienda likizo yako ya siku 21, nimegawanya kwa mwezi, 1,250. Sare na gambuti, 500. Msimamizi, 2,000. Inayobaki 2,855, hiyo ni yangu, na humo nalipa kodi ya chumba hiki.

Hakuna aliyepiga makofi. Kukawa na ukimya mrefu, ukimya wa watu wanaopiga hesabu za nyuma. Kijana wa bustani akauliza, "Kwa hivyo mwaka jana hiyo yote ilikuwa inaenda wapi?" Nikamwambia ukweli: nyingine ilinunua hii meza, nyingine ililipia mtoto wangu shule. Akaitikia kwa kichwa. Sikuweza kujua kama alikuwa akikubali au akihifadhi.

Mteja mmoja mwenye wafanyakazi wanne ameshaondoka. Nilipomwambia sishiki tena vitambulisho aliniuliza, kwa upole kabisa, sasa mimi namhakikishia nini. Nikasema namhakikishia kwamba mtu anayelipwa vizuri hana sababu ya kutoroka. Akasema ataongea na mumewe. Wiki iliyofuata nilisikia amepata biuro nyingine Ngong, ya elfu 20 kwa kichwa. Wale wanne wawili nimewapatia kwingine, wawili bado. Kila asubuhi napiga simu kwa ajili yao, na kila mwisho wa mwezi naangalia ile 2,855 na kuona kwamba mara nane tu haitoshi.

Yule mama wa kipande alikuwepo ile Jumapili. Alikaa karibu na mlango, hakusema chochote mpaka wengine walipoanza kutoka. Ndipo akainuka, akaenda ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa msimamizi.

"Madam, hii elfu mbili ya nini?"

Nikamweleza. Msimamizi anazunguka kwa boda, anahakikisha mmefika, anasuluhisha na mteja.

"Mara ngapi kwa mwezi?"

"Mara mbili."

"Kwangu amekuja mara moja tangu Krismasi." Akafikiri. "Wawili wetu wanaweza kufanya hiyo kazi kwa zamu. Mtupe 1,200, hiyo 800 iende kwa mshahara."

Nikamwambia si rahisi hivyo, msimamizi ni mtu wa nje kwa sababu maalumu, mteja anataka mtu asiye mmoja wao. Akaniuliza nani alisema mteja anataka hivyo. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akavuta kingine akaketi, na tukaanza kubishana mstari kwa mstari mpaka stima ya ngazini ikazimwa na mwenye duka.